Kwa Vijana Mlioajiriwa: Fomu Ile Mmemdanganya Nani?

Wanangu,

Nimeudhika, ndiyo maana naandika. Majuzi kijana mmoja wa hapa Malaba, upande wa Uganda, karani katika kampuni ya kupitisha mizigo mpakani, alinionyesha fomu waliyogawiwa kazini. Iliuliza wafanyakazi wanauonaje utamaduni wa kampuni: je, mnaheshimiwa, wakubwa wanasikiliza? Yeye na wenzake wote wakatia alama penye “naridhika sana”. Jioni ile ile, kwenye kibanda cha chapati, wakaichambua kampuni mpaka muuza chapati akawaonea huruma.

Sasa mnataka bosi ajue kwa ramli?

Mtanijibu, “Mzee, fomu haina jina lakini mwandiko unajulikana.” Kweli. Meneja anayesimama mlangoni akipokea fomu moja moja na kuzikodolea macho anatafuta maadui. Nanyi wakubwa mnaopitia barua hii, msijifiche. Mmemlipa fundi aandike Uadilifu, Heshima, Ushirikiano ukutani kwa rangi ya bluu, na chini ya ukuta huo mlinzi anakesha bila hata kiti.

Uadilifu wa kampuni mimi naupimia kwenye akiba ya NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anatia asilimia 10 yake. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, hata mwenye duka aliyeajiri mtu mmoja anapaswa kuchangia. Lakini nimeona karatasi za mshahara zenye makato kila mwezi, na ukifungua akaunti kwenye simu, miezi inapita hakijaingia kitu. Anayelipwa shilingi 600,000 anakatwa 30,000, na bosi alitakiwa aongeze 60,000. Hiyo ni 90,000 ya uzee wako, kila mwezi, inazungushwa kwenye biashara ya mtu. Na mtu huyo Jumatatu anafungua mkutano kwa sala, anawahubiria uaminifu! Dereva akifyonza lita 5 za dizeli, polisi wanaitwa. Makato yakiyeyuka, mnaambiwa biashara imekuwa ngumu.

Nanyi pia mnanichosha. Nilimuuliza mmoja kwa nini hajawahi kuitazama akaunti yake, akasema hana bando. Bando ya kutazama mpira wa Uingereza anayo!

Mengine nayataja tu. Likizo ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi. Si zawadi ya bosi. Wiki ya kazi ni saa 48. Mama aliyejifungua ana likizo ya siku 60 za kazi, baba siku 4. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 lazima awe na utaratibu wa kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Binti zangu, ulizeni uko wapi na nani anausimamia. Yote haya yamo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, ambayo wengi wenu hamjaifungua.

Siwacheki kwa kuogopa. Katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kinachotajwa hadi leo ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi cha mwaka 1984, na nje ya geti wapo wenye digrii wanaongoja na bahasha mkononi, mwenye ada ya watoto shingoni atamezea mengi. Viongozi wetu wanajua hilo na wamelala nalo vizuri. Mimi siombi shujaa ainuke mkutanoni peke yake, maana huyo kesho yake ataitwa mchochezi na nyinyi mtakaa kimya mkitazama viatu vyenu.

Fomu zikirudi tena, kaeni kwanza nyinyi kwa nyinyi. Chagueni mambo mawili, si kumi. Andikeni maneno yale yale, wote, kwa herufi kubwa, mwandiko usimtambulishe mtu. Makato ya akiba yawe la kwanza, kila mmoja akiwa na nakala ya karatasi yake ya mshahara na taarifa ya akaunti. Mkipuuzwa, mpelekeeni barua afisa wa kazi wa wilaya pale Tororo, mkiwa kundi. Na asiyejua barua hiyo inaanzaje, aje nyumbani tuiandike pamoja. Nipo siku zote, isipokuwa Ijumaa mchana.

Mzee wenu, karani mstaafu,
Malaba