Corolla 110 inakwaruza nikiweka rivasi, ni klachi au giaboksi? Naombeni ushauri kabla sijashusha

Habari zenu wakuu, mafundi na wote mnaoendesha manual, naombeni mnisaidie maana mafundi wawili wameniambia vitu viwili tofauti kabisa, kila mmoja ana uhakika na lake, na hela niliyonayo inatosha kufanya kitu kimoja tu kwa sasa.

Gari ni Toyota Corolla 110, injini 5A, manual gia tano, niko nayo hapa Mbeya. Shida yake ni rivasi. Nasimama kabisa, nakanyaga klachi mpaka mwisho, napeleka gia kulia halafu chini, inapiga krrrrr mpaka waliokaa nyuma wanashtuka. Asubuhi ndio mbaya zaidi, mnajua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, nikiwasha sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda mpaka kwenye 1500 hivi na hapo hata kuigusa rivasi naogopa, ila ikishashuka kwenye 800 inapungua kelele lakini haiishi. Gia za mbele kuanzia namba 2 mpaka 5 zinaingia safi gari ikitembea, hazilii wala hazichomoki. Namba 1 tu ndio kuna muda inagoma nikiwa nimesimama, inabidi niachie klachi nikanyage tena ndio inakubali.

Hii gari ndio inabeba mchele wa mke wangu kwenda soko la Mwanjelwa, na pale tunaposhushia hakuna pa kugeuzia, lazima utoke kinyumenyume katikati ya mikokoteni na kina mama waliopanga nyanya chini na watoto wanakatiza. Gia ikigoma nabaki nimeziba njia watu wanapiga kelele, na ikiingia inaingia kwa nguvu gari inashtuka. Kinachonikosesha raha ni hicho hasa, naogopa siku moja nimguse mtu.

Fundi wa kwanza alisikiliza mara moja tu akasema meno ya rivasi yameisha, tushushe giaboksi tuweke used kutoka Japani. Fundi wa pili, mzee mmoja wa siku nyingi, akasema giaboksi haina kosa, ni klachi haiachi vizuri, yaani ukikanyaga haiitenganishi kabisa injini na giaboksi. Alinielewesha hivi, kwamba gia za mbele zina sinkronaiza, zile ringi za shaba zinazosawazisha mwendo kabla meno hayajakutana, ila rivasi ya gari kama hii haina, meno yake yamenyooka na gia yenyewe inasukumwa ikaingie katikati ya nyingine mbili, kwa hiyo shafti ya giaboksi ikiwa bado inazunguka hata kidogo lazima meno yagongane. Na ndio maana ukirudi nyuma unasikia ule mlio wa wiiii, huo ni wa kawaida sio ugonjwa.

Akaniambia ukikanyaga klachi shafti haisimami papo hapo, inaendelea kuzunguka yenyewe kidogo, kwa hiyo nisubiri sekunde tatu nne ndio niweke, au nianze kuingiza namba 1 au 2 ili sinkronaiza isimamishe shafti halafu hapo hapo nihamie rivasi bila kuachia klachi. Nimejaribu. Kwa namba 2 kwanza inasaidia kweli, mara nyingi inaingia kimya, lakini nikichelewa kidogo tu kuhamisha inakwaruza tena. Na kusubiri peke yake hakusaidii, nimekaa na mguu chini nikahesabu mpaka kumi bado inakwaruza, sasa kama klachi ingekuwa imeachia kabisa si shafti ingekuwa imeshasimama wakuu?

Kuna majaribio mengine mzee alinielekeza nikayafanya uwanjani pasipo na watu. La kwanza, injini ikiwa imezimwa rivasi inaingia laini kabisa. La pili, nikaiacha ndani ya rivasi, nikakanyaga klachi mpaka mwisho, hendibreki nimeachia, sehemu tambarare, nikawasha, gari ikajivuta nyuma yenyewe kidogo na mguu wangu uko chini kabisa. La tatu, nikipampu pedeli haraka haraka mara kadhaa halafu niweke rivasi, inaingia bila kelele. Mimi sio fundi ila hilo la tatu ndio limenifanya niamini ni mambo ya presha ya oil ya klachi na sio meno, maana meno yaliyokwisha hayawezi kupona kwa kupampu pedeli.

Halafu pedeli yenyewe ni laini, inashika karibu na chini kabisa. Kikopo cha oil ya klachi kinashuka taratibu, na oil iliyomo ni nyeusi. Nimeingiza mkono nyuma ya pedeli pale masta (silinda ya juu inayosukuma oil ukikanyaga pedeli) inapopita ukutani ni pakavu, ila slevu ya chini kwenye giaboksi (silinda inayopokea hiyo oil na kuachisha klachi) ile raba ya vumbi ukiifunua kuna unyevu. Paipu ya mpira inayoenda kwenye slevu inaonekana ni ile ile iliyokuja na gari, imepasukapasuka juu, na nimesikia ikizeeka inavimba ukikanyaga kwa hiyo nguvu inaishia kwenye mpira badala ya kusukuma slevu.

Klachi plate, presha plate na rilisi bering alibadilisha aliyeniuzia, kabla sijanunua. Kama alisema kweli sina namna ya kujua bila kushusha.

Sasa maswali yangu. Kwa dalili hizo nianze na slevu mpya na ile paipu, nimwage oil yote chafu niweke DOT 3 mpya na kutoa upepo vizuri, au nibadilishe na masta kwa pamoja? Kuna jamaa ameniambia ukiweka slevu mpya kwenye masta ya zamani haichukui muda masta nayo inaanza kupitisha kwa ndani, kama kuna aliyepitia hilo naomba aniambie. Na mtu wa kwenye duka la spea aliniambia raba za ndani peke yake zinatosha, mimi naona kama silinda imeshachimbika kwa kutu raba mpya itaisha mapema tu, au nakosea?

La pili ni oil ya giaboksi. Fundi wa kwanza alitaka kuniwekea namba 140 eti nzito inaficha kelele. Nilikataa, kwa baridi ya huku naona gia zitakuwa ngumu asubuhi na sinkronaiza zitateseka, na kuficha kelele sio kutibu. Nataka niweke 75W-90, ila wengine wanasema oil ya daraja la GL-5 inakula shaba za sinkronaiza na niitafute GL-4. Nyie mnaotumia 110 za manual mnaweka ipi na inakaaje?

La tatu, kwa kuwa imekwaruza muda mrefu, kuna uwezekano meno ya rivasi yameshalika kwenye ncha hata nikitengeneza klachi? Nimepanga nikimwaga oil ya giaboksi niichuje niangalie, unga laini wa kijivu nadhani ni wa kawaida kwa gari ya umri huu, ila nikikuta vipande vya chuma ndio nijue fundi wa kwanza naye alikuwa na hoja. Hicho kipimo kinatosha au kuna kingine kisichohitaji kushusha? Maundi ya injini na bushi za nyaya za gia nimeziangalia, hazichezi, lakini kama kuna sehemu mnaona nimeiruka niambieni.

Kwa hapa Mbeya kama kuna anayemjua fundi mtaratibu wa klachi, wa kupima kwanza ndio afungue, nitafurahi sana akinielekeza. Mpaka nipate majibu yenu sishushi kitu, na mchele kwa sasa tunapeleka kwa bajaji.

Natanguliza shukrani.

Msomaji wenu, Mbeya