Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: mkaa, gesi na sufuria zetu

Ndugu wanachama, mama zangu, dada zangu na baba lishe wetu pia, shikamooni wakubwa, na wengine wote habari za mihangaiko. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka 2024 kwa chama chetu cha mama lishe na baba lishe, naitanguliza kabla ya mkutano ili kila mtu aje ameshaisoma, na asiyeona vizuri au asiyejua kusoma naomba jirani yake wa banda amsomee yote, sio ile unamwambia tu kwa kifupi.

Mambo ya hela sitarefusha. Mweka hazina ameandika kila kitu kwenye daftari na nakala imebandikwa pale stoo, nendeni mkaangalie, mwenye swali aulize mkutanoni mbele ya wote. Rambirambi zote zililipwa, waliojifungua walipelekewa chao, wanaodaiwa michango wanajijua na mi sitataja jina la mtu humu.

Nachotaka kuongelea mwaka huu ni moto wa kupikia, maana ndo uliotusumbua kuliko kitu kingine chochote na ndo utakaoamua nani kati yetu atakuwa bado anapika miaka mitano ijayo.

Mnakumbuka mwaka ulivoanza. Mvua zile za tangu mwisho wa 2023 hazikukata mpaka Mei, na mwanzoni mwa Mei tukaambiwa na kimbunga Hidaya kinakuja, watu wa Mafia na Kilwa wakapigwa kweli. Huku Dar sisi tuliipata kwenye mkaa. Malori yanakwama huko porini, mkaa unaofika umelowa, unaupepea nusu saa haushiki, unatoa moshi tu, alafu sado, kile chombo cha kupimia mkaa, bei juu na ukiimwaga chini nusu ni vumbi. Kuna wenzetu wiki ile walipika chai na maandazi tu, wali na maharage wakaacha kabisa kwa sababu hesabu haikutoka.

Sasa mwezi huohuo wa Mei ndo Rais Samia akazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na siku chache baadae akaenda Paris kwenye mkutano mkubwa wa dunia wa hayohayo mambo. Mi uzinduzi niliusikiliza redioni nikiwa nasonga ugali, macho yanatoka machozi kwa moshi wa ule mkaa mbichi, na nawaambia ukweli nilifurahi sana kwa sababu nikasema leo wamekumbuka jikoni. Na mpaka sasa naunga mkono. Serikali inasema karibu hekta 469,000 za misitu zinapotea kila mwaka na kwamba watu kama 33,000 nchini wanakufa kila mwaka kwa magonjwa ya hewa chafu ya jikoni. Mwenzetu mmoja ambae amepika miaka zaidi ya ishirini, wengi mnamjua, mwaka huu kifua kimemlaza mara mbili na daktari akamwambia aachane na moshi, yeye hajawahi kuvuta sigara hata moja maisha yake yote. Kwahiyo mtu asije akasema mwenyekiti anatetea mkaa.

Ila kuna sehemu sisi hatuonekani. Katazo lile la kuni na mkaa lililoanza Januari 31, 2024 ni la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, maana yake shule, magereza, kambi, vyuo. Upande wa pili kuna mitungi midogo ya kilo 6 inayotolewa kwa ruzuku, hiyo ni ya familia. Sasa mwanachama wetu anaepika kilo kumi na tano za mchele pale kwenye ujenzi, anauza sahani mia na kitu kwa siku, yeye ni nani? Sio taasisi, hana bajeti wala mhasibu. Sio familia pia, mtungi wa kilo 6 kwake hata siku mbili haumalizi. Watu walikuja kwangu mwezi wa pili wanatetemeka wamesikia askari watapita kubeba majiko, nikaenda kuuliza kwenye ofisi moja hapa mjini, nimeenda mara tatu na kila niliemkuta alinipa jibu lake, mmoja hatuhusiki, mwingine tunahusika ila tumepewa muda, wa tatu akaniambia niandike barua. Barua tumeandika, majibu bado. Wazee wa chama waliniambia mwenyekiti tulia, mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku ghafla na haikudumu hata mwezi, ila mi nasema safari hii isitufanye tulale, hii imepangwa kwa miaka kumi.

Haya, kwanini hatuhami wote kwenda gesi? Tumefanyiwa semina mbili mwaka huu na zote mbili walituambia gesi ni nafuu kuliko mkaa. Nimepiga hesabu mwenyewe mwezi mzima kwenye banda langu, kwa chai, chapati, mboga na kukaanga samaki ni kweli kabisa, gesi inashinda. Tatizo letu liko saa kumi na moja alfajiri. Saa hizo mkononi huna kitu, hela ya jana imeshakwenda kwenye mchele na mafuta na nauli na ada ya mtoto. Muuza mkaa unamwambia mama nipe sado mbili nitakuletea saa tisa, anakupa, hata hakuandiki. Mtungi wa kilo 15 unataka zaidi ya elfu hamsini kwa mkupuo, na muuza gesi hakujui, hajawahi kuja msibani kwako. Mkaa unakopesheka, gesi haikopesheki, na kwenye semina zote mbili hakuna hata mmoja aliegusa hilo mpaka nikasimama nikalisema. Nikawaambia tunapopewa mkaa tunapewa na mtaji wa siku humo humo, ukimuondolea mtu mkaa bila kumpa kitu cha kushika asubuhi umemfungia biashara.

Na hao wauza mkaa ni wenzetu jamani. Yule mama wa pale kona amesomesha watoto wawili kwa vifungu vya mkaa, tukihama wote siku moja yeye anakwenda wapi? Nimeongea nae, yuko tayari kuuza mkaa mbadala ule wa kubana na pia kuwa wakala wa mitungi, shida yake ni mtaji wa kuanzia. Nimelileta hili ili tulijadili kama chama, sio lazima awe mwanachama ndo tumjali.

Kuna teknolojia moja ambayo imenipa moyo, ile ya mtungi wenye mita. Unaletewa mtungi na jiko, unalipia kwa simu kidogo kidogo, hata elfu moja, gesi inafunguka kwa kiasi ulicholipa, na ikikaribia kwisha wenyewe wanaona huko waliko wanaleta mwingine. Hii imekaa kama sado kabisa, yaani mtu aliyeibuni alimfikiria mtu wa kipato cha siku. Wanachama wanane wamejaribu. Wanaopika vitafunwa wanashukuru, hawataki hata kusikia mkaa. Wenye masufuria makubwa wamekwama kwa sababu jiko linalokuja nalo ni lile la plate mbili la nyumbani, ukiweka sufuria namba kubwa moto unalamba katikati tu, pembeni wali mbichi. Alafu ikatokea siku mtandao umekata tangu saa mbili asubuhi, hela imetoka kwenye simu na mita haifunguki, maharage yako jikoni na wateja wa saa sita wanakuja. Dada mmoja alirudi mbio kwa mama mkaa siku hiyo na alilia. Tumewaandikia wahusika na wamerudisha hela, ila siku ya biashara ikiharibika hairudi.

Hapa na mi nina la kuwaomba radhi. Mwezi wa nne nilisimamia ununuzi wa majiko ya gesi sita kwa hela ya chama na nikanunua ya plate mbili kwa sababu yalikuwa bei poa na yanang'aa, sikuwauliza wapikaji wa wali na pilau wanatumia sufuria gani. Manne yamekaa stoo. Lile ni kosa langu, sio la kamati. Jiko letu sisi ni lile la chuma la miguu mitatu lenye moto mkubwa, linabeba sufuria ya kilo ishirini bila kuyumba, nimeshaongea na fundi mmoja wa kuchomelea anayatengeneza na tumemjaribu kwa moja, linafanya kazi. Yale manne napendekeza tuwauzie wanachama wa chapati na chai kwa kulipa taratibu.

Usalama, hapa naomba mnisikilize vizuri. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu kama moshi, inatambaa chini inajikusanya sakafuni, ndo maana mabanda yetu yale ya mabati yaliyozibwa mpaka chini ni hatari. Toboeni matundu chini, sio juu peke yake. Ile harufu mbaya imewekwa makusudi ili ujue inavuja, ukiisikia usiwashe kitu, usizime wala kuwasha taa, funga mtungi, fungua mlango, toka. Kupima kama mpira unavuja paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu, usipime kwa kiberiti, nimeona mtu anafanya hivo kwa macho yangu na nilipiga kelele. Mpira ukiwa na nyufa tupa. Na wale vijana wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uchochoroni, acheni kabisa kununua kwao hata wakiwapa nusu bei. Mwaka huu mmoja wetu ameungua mkono, amepona, ila tumeponea chupuchupu na wote mnajua banda lake limepakana na shule ya watoto wadogo.

Umeme nao tumeujaribu. Bwawa la Nyerere mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na kweli mgao ule wa mwanzo wa mwaka ukapungua, na lote kwa ujumla ni megawati 2,115, kwahiyo watu wakaanza kuuliza mbona tusipikie umeme. Jiko la presha la umeme kwa maharage ni zuri ajabu, unaweka unaendelea na kazi zako, yale maharage ya kukaa jikoni asubuhi nzima yanaiva ndani ya saa moja na kitu. Ila angalieni mita yako ni ya aina gani, kama uko kwenye ile tarifa ya chini ya watu wa uniti 75 kwa mwezi, ukianza kupikia unazivuka, na uniti za juu yake bei ni nyingine kabisa, zaidi ya mara tatu. Wanachama wawili wamegombana na wenye nyumba kwa hilo. Kwenye barua yetu nimeweka ombi kwamba anaepikia umeme asiadhibiwe kwa kutumia umeme, kama kweli nchi inataka tuache mkaa basi bei ya uniti nayo iseme hivohivo.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne vijana na mbili watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na mwaka huu ikarudi. Safari hii maombi ni ya kwenye mfumo, kwenye kompyuta. Vikundi vyetu vitatu vimeomba na kimoja tu kimefika hatua ya mwisho, vingine vimekwamia kwenye namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, ambazo majina hayafanani na ya kwenye akaunti, au stesheneri walijaza vibaya na kila kurekebisha ni hela. Binti wa katibu amekubali kuwajazia bure kila Jumapili jioni, nendeni na vyeti vyenu na mkague jina herufi kwa herufi kabla hajatuma.

Vifungashio kwa kifupi: mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 1, 2019, bado kuna watu wanafungia mihogo na ndondo za moto kwenye vimifuko laini. Mteja aje na kontena lake, mpunguzieni hata shilingi mia, mi nafanya hivo na wengi sa ivi wanabeba.

Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo saa kumi jioni, baada ya kuosha vyombo. Kila mtu aje na vipimo vya sufuria yake kubwa kuliko zote, upana wa kitako kwa sentimita, tumia tu rula ya mtoto, na aandike anatumia mkaa wa shilingi ngapi kwa siku na anaulipa saa ngapi. Hiyo saa ya kulipa msiisahau, naitaka kuliko hata hela yenyewe, kwa sababu pendekezo la kamati ni kwamba chama kinunue mitungi ya kilo 38, tukopeshane gesi asubuhi na kulipana jioni, na bila kujua ni wangapi wanalipa saa tisa na wangapi saa moja usiku hatuwezi kujua tuanze na mitungi mingapi.