Harambee ya Wakalimani wa Mahakama: Tunatafuta Shilingi 900,000

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa waumini na majirani wote wa Eastlands.

Kamati ya Haki na Amani ya parokia yetu inawaalika kwenye harambee Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, ukumbini, baada ya misa ya pili. Tunatafuta shilingi 900,000 za kuandaa wakalimani wa kujitolea watakaowasaidia watu wasioelewa Kiswahili wala Kiingereza katika mahakama za Makadara, Kibera na Milimani. Majirani wa misikiti na makanisa mengine mnakaribishwa; mahabusu haulizwi dini yake.

Mtauliza, na mna haki ya kuuliza: hiyo si kazi ya Serikali? Ndiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 50(2)(m), inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa. Hatuchangi ili kuibebea Serikali mzigo huo. Shida iko kwenye kusubiri. Aghalabu anayetafsiri ni karani wa mahakama, naye ana Kiswahili, Kiingereza na labda lugha ya kwao. Akiletwa mtu wa Kioromo, Kitigrinya au Kiturkana, kesi huahirishwa hadi mkalimani apatikane, na mshtakiwa asiye na dhamana hurudishwa rumande. Kwa hivyo haki aliyopewa bure anailipia kwa siku za kulala gereza la mahabusu la Industrial Area. Wenzake wa seli humshauri: kubali tu, upigwe faini, uende zako. Naye hukubali.

Kukubali huko kuna bei ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinasema aliyekiri kosa hana rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Mahakama Kuu inaweza kuitengua hukumu ikiwa ungamo halikuwa wazi, lakini rufaa hukatwa ndani ya siku 14, na kinachosomwa huko ni mwenendo wa kesi ulioandikwa. Ikiwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu huyu alisema haelewi, wakili wake anaanza kupanda mlima akiwa amechelewa.

Utaratibu wenyewe si fumbo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, hatua zinajulikana. Mashtaka na viini vyake vyote vinaelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe, kadiri inavyowezekana. Akikiri, kiongozi wa mashtaka anasoma maelezo ya kosa, na mshtakiwa anapewa nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akiyapinga, inaandikwa kuwa amekana. Hiyo hatua ya maelezo ndiyo inayofanywa ovyo. Asubuhi faili ni nyingi, maelezo yanasomwa mbio, na muuza soksi wa Gikomba anayejua bei na salamu kwa Kiswahili anahesabiwa kuwa ameelewa “kwa nia ya kuiba” na “kinyume cha sheria”. Kiswahili cha soko hakimtoshi mtu kizimbani.

Ndiyo maana tunataka watu wetu wawepo mapema. Polisi wanatakiwa kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha nje ya saa za kazi za mahakama, analetwa siku ya mahakama inayofuata. Waliokamatwa Ijumaa usiku na wikendi hufika Jumatatu kwa pamoja. Tutaweka watu watatu kila Jumatatu na wawili kila Alhamisi. Kazi yao ni kuitambua lugha, kumjulisha msimamizi wa mahakama kabla hakimu hajaketi, na kuwa tayari kuapishwa hakimu akiwakubali. Kukubaliwa si lazima. Upande wowote unaweza kumpinga mkalimani, na jamaa wa mshtakiwa au wa mlalamikaji hafai kabisa.

Kujua lugha mbili hakumfanyi mtu kuwa mkalimani. Anayeanza hufanya makosa yaleyale: anafupisha, anasema “anasema kwamba” badala ya kusema “mimi” kama msemaji, anarekebisha jibu lisiloeleweka ili lipendeze, anamnong’oneza mshtakiwa la kujibu. Jibu likiwa vurugu, litafsiriwe likiwa vurugu. Hakimu ndiye wa kuuliza tena. Mafunzo yatachukua Jumamosi sita kwa watu 24: kuandika vidokezo, msamiati wa dhamana na ushahidi, kutunza siri, na kupokezana kila baada ya dakika 30 hivi, maana akili ikichoka tarakimu na majina ndiyo hupotea kwanza.

Tutauliza pia lahaja. Kumwandikia mtu “Msomali” hakutoshi: mwenyeji wa Baidoa anayesema Kimaay anaweza kuachwa nyuma na mkalimani wa Kisomali cha kawaida. Kiluhya nacho ni lugha nyingi chini ya jina moja.

Viziwi tumewatengea fungu lao. Mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya anahitajika, lakini kiziwi ambaye hakuwahi kusoma huenda ana ishara za nyumbani tu. Hapo wanahitajika wawili: anayesikia, na kiziwi mwenzake mzoefu anayezigeuza ishara hizo. Kesi ikiendeshwa kwa video ni balaa zaidi, kwani mikono hutoka nje ya picha. Hao tutawaombea kikao cha ana kwa ana.

Kesi za madai ndizo zilizosahaulika. Haki ya kifungu cha 50(2) ni ya mshtakiwa wa jinai. Mama anayedai matunzo ya mtoto, au fundi anayedai malipo yake katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, mara nyingi hujitafutia mwenyewe wa kumsemea. Huko ndiko wakalimani wetu watatumika zaidi, nadhani, kuliko kwenye jinai.

Sasa hesabu. Mafunzo ni 183,600: wakufunzi wawili kwa 5,000 kila Jumamosi, chakula na nauli 800 kwa kila mwanafunzi kwa siku, na vijitabu vya 350. Zamu ni watu watano kwa wiki, posho ya 1,500, wiki 48: 360,000. Wakalimani wa ishara, wawili kwa siku 20, 5,000 kila mmoja: 200,000. Kadi 8,000 za mfukoni za kuombea mkalimani, kwa shilingi 12: 96,000. Sauti za maelezo kwa lugha nane, kwa wasiosoma, 36,000. Kila moja itasikilizwa na mtu wa pili ambaye hakuona andiko la kwanza, atuambie alichoelewa. Shilingi 24,400 zilizobaki ni za ada za benki na M-Pesa na dharura.

Kadi peke yake haitoshi, kwa kuwa simu, mkanda na pochi hubaki kaunta ya polisi. Kwa hiyo jumuiya ndogo ndogo zitafundisha sentensi moja ya kukariri: “Sielewi lugha hii, naomba mkalimani wa” na jina la lugha.

Pesa hizi hazitalipa dhamana, faini wala wakili, hata mwombaji awe mwana wa mwenyekiti. Anayehitaji wakili tutamwelekeza kwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Matumizi yatasomwa kanisani kila mwezi, na hundi itatiwa saini na watatu.

Kadi za harambee ziko kwa viongozi wa jumuiya, zikiwa na namba ya paybill. Usimpe mtu pesa taslimu bila risiti. Mnada utakuwepo kama kawaida, leteni kuku, ndizi na mayai. Tunahitaji pia laptop moja na skana, kwa sababu tangu Machi 2024 mahakama zote nchini zinapokea kesi kwa mtandao. Na wewe unayesema Kimaay, Kioromo, Kitigrinya, Kiturkana au Lugha ya Ishara, andikisha jina kwa katibu kabla ya siku ya harambee. Nafasi ni 24, na wasemaji wa lugha hizo ndio watakaoitwa kwanza.