Ndoo ya msibani isipangwe foleni

Barua ya wazi kwa kamati ya maji na wote wanaochota kilulani kwetu, kwenye bomba letu la pamoja

Wanangu, mbukwenyi.

Juzi nilikuwa msibani kwa jirani yetu mjane. Saa nne asubuhi pipa lake lilikuwa limebakiwa na maji ya kujaza kata moja, na sufuria ya ugali wa jana imekaukia pale jikoni. Tulijaa uani, lakini waliokuja na maji walikuwa wawili tu. Niliona haya. Katika Ugogo niliokulia, mwanamke alikwenda kwenye kilio na ndoo kichwani.

Mimi nilizaliwa kabla ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1970, iliyotukusanya vijijini. Zamani kaya zilitawanyika, na kila ukoo ulichimba kisima chake cha mchangani kwenye korongo. Mwezi wa saba shimo lilifika kiunoni. Mwezi wa kumi mchimbaji alizama asionekane. Unaketi mle ndani, maji yanajikusanya kidogo kidogo, unayakomba kwa kibuyu. Kisima kilikuwa cha aliyekichimba, ila mpita njia hakunyimwa maji ya kunywa. Tulipohamia pamoja, watu wengi tukategemea chanzo kimoja, na mvua zetu ni zilezile za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo sisemi mmekuwa na roho mbaya. Nasema dhiki imetufundisha tabia ambazo hatukuzichagua.

Mke anatoka saa tisa usiku kwenda kuchota, anarudi jua limewaka, na mume anamuuliza alikuwa kwa nani. Ndoa mbili nimezikalia kikao mwaka huu kwa neno hilo hilo. Mabinti wanaingia darasani kipindi cha pili, wamelowa mgongo, wanasinzia. Marafiki wa tangu utotoni hawasalimiani, kisa jiwe la mmoja lilisogezwa kwenye foleni.

Kamati, sheria ya huduma za maji, Na. 5 ya mwaka 2019, imevipa vyombo vya watumia maji vijijini madaraka ya kuendesha miradi na kukusanya fedha. Basi zisomeni hizo fedha mbele ya mkutano, kila mwezi. Watu hawagombani na bei ya ndoo. Wanagombana na kuambiwa wachange upya pampu ikifa, wakati hawajui za mwanzo zilikwenda wapi. Kilula kifunguliwe mapema kwa wanafunzi, wachote kwanza. Na mwenye msiba, mwenye mgonjwa na aliyejifungua wasipange foleni kabisa. Liandikwe kwenye kanuni zenu, ili mshika ufunguo asilaumiwe kwa upendeleo.

Nanyi waume, baiskeli zenu zinalala ukutani usiku kucha. Ziamke na wake zenu.

Kwa mjane wanaanua matanga Jumamosi. Nitafika kilulani alfajiri na ndoo mbili za kumpelekea. Nitakayemkuta mbele, namwomba anipishe.

Mzee wenu