Kipimajoto kiko wapi kwenye friji la chanjo?

Mhariri,

Nafuga kuku wa mayai hapa Bombo, Uganda. Mwaka jana nilikuwa nao 420, leo nina 137, na nimechoka kuulizwa kama niliwachanja.

Niliwachanja. Chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, niliinunua kwenye duka la dawa za mifugo mchana wa jua kali, umeme ukiwa umekatika tangu usiku. Muuzaji alipofungua friji, hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu kama ya kabati la nguo. Akanitilia kichupa ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, bila hata kipande cha barafu, nami nikapanda boda. Hapo na mimi nilikosa, ningemuuliza. Chanjo ile ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na hutakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Vikifa kichupani, unawanywesha kuku maji matupu.

Na maji yenyewe! Niliichanganya na maji ya bomba. Klorini inayotukinga sisi na kipindupindu huviua pia virusi vya chanjo. Daktari wa mifugo alikuja kunielekeza baadaye, kuku wakiwa wamekwisha kufa: tumia maji safi yasiyo na klorini, utie maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa kila lita. Kuku wakae na kiu saa moja au mbili kwanza, kisha wayamalize ndani ya saa mbili.

Ugonjwa ulianza na kikohozi cha usiku. Mfugaji anaijua sauti hiyo, unaingia bandani na tochi na kila pembe inakoroma. Kikafuata kinyesi cha kijani, shingo zikapinda, mayai yakashuka kutoka trei 11 kwa siku hadi 3. Jirani akanishauri tetrasaiklini, nikanunua. Dawa ya bakteria haiui kirusi, lakini mtu anayezika kuku kila asubuhi hununua chochote. Daktari alipompasua mmoja, akanionyesha madoa ya damu kwenye tumbo dogo lililo kabla ya firigisi.

Nani aliuleta? Siwezi kuapa. Ila mchuuzi wa mayai alikuwa akiingia mpaka mlangoni mwa banda na trei za karatasi zilizozunguka kwa wafugaji hadi Wobulenzi, nyingine zina kinyesi kikavu. Siku hizi anaishia getini na trei zake haziingii. Alinuna wiki mbili akarudi, maana mayai yetu yana soko mpaka Juba.

Mwaka 2017 mafua ya ndege yalipoonekana kando ya Ziwa Victoria, Kenya iliwazuia kuku wetu kuingia kwao, na kila redio ikazungumza. Kideri kinamaliza mabanda yetu na hakuna anayepiga kelele. Naomba maafisa mifugo wa wilaya wapite kwenye maduka haya siku umeme ulipokatika, si siku waliyotoa taarifa. Kila friji la chanjo liwe na kipimajoto, na mnunuzi aruhusiwe kukisoma kabla hajatoa pesa.

Mwezi ujao naleta vifaranga 200. Nimeshanunua chupa ya kubebea barafu na kipimajoto changu mwenyewe. Muuzaji akikataa nikiweke kwenye friji lake, nitavuka barabara niende kwa mwenzake.

Mama Zaituni,
Bombo