Nyumba imeungua, na nyie mnaanza na pesa ya kupima?

Lalamiko hili hutufikia sisi wabunifu wa ndani ya nyumba karibu kila kazi ya nyumba iliyoungua hapa Tanga, iwe Ngamiani, Mabawa au Raskazone: "Nimebaki na nguo nilizovaa, nanyi mnataka pesa kabla hamjaleta hata msumari." Juzi mteja mmoja ametuita wezi kabisa. Tunajibu hapa, wengine nao wasome.

Watu humdhania mbunifu wa ndani kuwa mchagua mapazia. Kwenye nyumba iliyoungua, mapazia ndiyo ya mwisho. Pesa ya ukaguzi inalipia kupima kila chumba, kugonga kila ukuta, kufungua dari, na kuandika orodha ya vifaa ambayo utaingia nayo dukani ununue mwenyewe, risiti zikabaki kwako. Hatuweki faida yetu kwenye saruji.

Njia ya mkato inayopendwa kuliko zote ni rangi. Michango ikipatikana, zinanunuliwa ndoo mbili, vijana wanaitwa, na Jumapili ukuta unang'aa. Lakini masizi yana mafuta na tindikali, na rangi ya maji haiyazuii. Madoa ya kahawia yanapenya, na masika yakiingia na unyevu wake, harufu ya moshi inarudi ndani. Hapo utalipa kukwangua rangi, kisha ulipe kazi ileile uliyoikwepa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Masizi yanatolewa yakiwa makavu kwanza, kwa brashi laini na sponji kavu. Ukianza na kitambaa chenye maji unayasukuma ndani ya lipu. Kisha ukuta unaoshwa kwa maji ya sabuni kuanzia chini kwenda juu, maana maji meusi yakichuruzika juu ya sehemu kavu huacha michirizi isiyotoka. Unasuuzwa, unaachwa ukauke kabisa, ndipo inapakwa praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi, halafu rangi ya maji mikono miwili, yaani inapakwa mara mbili. Ndoo ya lita 20 hutosha takriban mita za mraba 100 kwa mikono hiyo miwili, kwa hiyo fundi anayeomba ndoo tano kwa vyumba viwili muulize anapaka nini.

Kugonga ukuta nako si maigizo. Lipu iliyoachana na tofali hulia kama debe tupu, na hiyo inabomolewa hata kama kwa macho ni nzima. Zege likiwa limegeuka rangi ya waridi, limepita takriban nyuzi joto 300. Hapo sisi tunasimama na kumtaka mhandisi wa majengo, na gharama yake haimo kwenye bei yetu. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe zina shida yake. Jiwe hilo ndilo linalochomwa tanurini kupata chokaa, basi moto mkali ukiligusa, uso wake unaanza kuwa unga. Ukilifunika kwa lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na lipu inabanduka. Tunakwangua hadi jiwe gumu, tunapiga lipu ya chokaa na mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini hapana, hata ukiletwa bure mlangoni: chumvi itachanua ukutani.

Bati ndilo linalozua ubishi mkubwa. "Halijatoboka, kwa nini litolewe?" Kinacholinda bati lisiote kutu ni zinki iliyopakwa juu yake, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419. Bati lililopoteza zinki, kwa upepo huu wa chumvi wa Tanga, litaota kutu mapema, na maji yatashukia dari mpya ya jipsamu.

Waya pia. Chumba kilichoungua ni kimoja, lakini waya za nyumba nzima hupita darini, na joto hukausha plastiki yake ikapasuka. Fundi umeme mwenye leseni apime zote kabla umeme haujarudishwa.

Usitupe kitu kabla hujapiga picha, hasa kama una bima, na ripoti ya Zimamoto iwe mkononi kabla mkadiria hasara wa bima hajafika. Godoro na sofa za sponji zilizoingiwa na moshi, msizirudishe ndani. Kitanda cha mninga au msaji kikiungua juujuu, seremala anaweza kukipiga randa na msasa kikarudi.

Halafu kuna samani za michango. Ndugu wanaleta kwa upendo, hatubishi, lakini sofa la kona lisilopita kwenye mlango wa sentimita 80 linaishia barazani kwa jirani. Kabati la mbao za unga (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) likiwekwa kwenye chumba chenye lipu mbichi, linavimba miguu. Mpeni shangazi orodha yetu, achague humo cha kuchangia. Samani zinaingia baada ya paa, umeme, mabomba, lipu, dari, vigae na rangi.

Pesa ya ukaguzi tunaikata kwenye bei ya ufundi ukitupa kazi. Ya ufundi unalipa asilimia 40 mwanzo, 40 lipu na dari zikikamilika, na 20 unabaki nayo wiki mbili baada ya kukabidhiwa funguo, ili doa likirudi ukutani likute pesa yetu bado iko kwako.