Mwongozo tuachieni, lakini tuamini darasani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee juu ya ule mwongozo wa kusomesha wenye kila sentensi ya mwalimu imeandikwa, sema hivi, uliza hivi, ngoja wajibu, geuza ukurasa. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 2 huku Kayole na hii kitu inatuuma walimu wengi wa madarasa ya chini, ni vile tu tunaiongelea kwa ofisi ya walimu tukinywa chai na inaishia hapo.

Mwongozo wenyewe sio adui, hiyo niiseme mapema. Walimu waliokuwa darasani kabla Tusome, ule mradi wa serikali wa kufunza watoto wa madarasa ya chini kusoma, ienee nchi nzima 2015 wanakumbuka watoto kadhaa wakivutana na kitabu kimoja, na kila mwalimu akijitafutia njia yake. Tusome ikaleta kitabu kwa kila mtoto, cha Kiswahili na cha Kiingereza, na mwalimu akapewa mwongozo wa somo kwa somo. Na kabla ya hapo kulikuwa na majaribio ya PRIMR, mradi uliotangulia Tusome, kuanzia 2011 hadi 2014, ambapo walilinganisha: kuna shule walimu walipewa mafunzo na kutembelewa darasani na wa kuwashauri tu, zingine wakaongezewa vitabu, zingine wakaongezewa na mwongozo. Zile zilizopata vyote ndizo watoto walisoma vizuri zaidi. Kwa hivyo anayesema mwongozo utupwe simuungi mkono, hasa nikifikiria mwalimu ametoka chuo juzi na amepewa darasa la watoto zaidi ya sabini, huyo akiachwa mikono mitupu ataanzia wapi?

Shida ni pale mwongozo unageuka kuwa sheria. Juzi tulikuwa kwa sauti ya dh. Vile imepangwa, mwalimu anatamka, alafu darasa linatamka pamoja naye, alafu mtoto peke yake, mnaingia kwa maneno, mnaingia kwa hadithi, na dakika 30 zimeisha. Wakiwa pamoja walitamka vizuri sana, mtu akiwa nje ya dirisha angesema hilo darasa limeiva. Nikaanza kuita mmoja mmoja. Wa kwanza neno dhahabu akasoma "thahabu", mwingine "zahabu", wa tatu "dahabu", na huyo wa tatu ni mtoto mwenye huwa anasoma bila wasiwasi. Sasa hapo mwongozo unanitaka niende kwa hadithi, na hiyo hadithi imejaa hiyo sauti. Nikaufunga. Nikawaambia wote waweke ncha ya ulimi katikati ya meno na mkono kwa koo, tukatamka th, koo limetulia, tukatamka dh, koo linatetemeka, thamani, dhamana, thelathini, dharau, wakacheka, wakashikana koo wenyewe kwa wenyewe kuhakikisha, na kipindi kikaisha hadithi haijaguswa. Kesho yake wengi waliipata, na hadithi tukaisoma haraka kuliko vile tungeisoma siku ile.

Sasa niambie, mkaguzi akiingia siku kama hiyo anaandika nini? Mimi nimewahi kuandikiwa kwamba sifuati mwongozo na kwamba niko nyuma ya wenzangu, na aliyeandika hakuuliza hata mtoto mmoja amsomee sentensi. Aliangalia ukurasa wenye niko akalinganisha na tarehe. Tangu hapo najua walimu wenye wakisikia kuna mgeni getini wanaruka masomo mawili ili wapatikane mahali kalenda inataka, na watoto wanarukishwa pamoja nao. Hii inaniuma sana juu mtoto aliyeachwa kwa sauti moja Gredi ya 2 hamna mahali atarudishiwa hiyo sauti, akifika Gredi ya 4 anasoma sayansi na kila kitu kwa Kiingereza na hata Kiswahili chake bado kinakwama.

Na kipimo si tunacho. Iliwekwa kwamba mtoto wa darasa la pili akisomea Kiswahili maneno 45 kwa dakika huyo anasoma vizuri, na kwa Kiingereza 65. Maafisa wa usaidizi wa mtaala walipewa vishikwambi, na sehemu ya kazi yao wakija darasani ni kusikiliza watoto wachache wakisoma. Hiyo sehemu ndio ya maana kuliko zote, ndio ingepewa uzito, sio kama mwalimu alisema sentensi ya nne kabla ya ya tano. Fundi wa nguo hata akiwa na patani imechorwa tayari bado anapima mteja.

Najua kuna watu watanitajia Bridge, zile shule za kibinafsi za karo ya chini, walioanza 2009 pale Mukuru kwa Njenga, walimu wanasoma somo neno kwa neno kutoka kwa kifaa. Na ni kweli utafiti wa akina Michael Kremer, yule mwanauchumi, uliotoka 2022 ulionyesha watoto wa huko walijifunza zaidi sana kuliko wenzao, siwezi kuficha hiyo. Lakini shule hizo zilikuwa na mambo mengine mengi, kama saa nyingi darasani na usimamizi wa karibu, kwa hivyo huwezi kuchukua lile neno kwa neno peke yake ukasema ndio lilifanya kazi yote. Alafu kuna utafiti mwingine wa 2018, wa Benjamin Piper na wenzake, na hao ni watu walioifanyia kazi Tusome yenyewe. Waliangalia miongozo ya miradi 19 katika nchi 13 wakapata miongozo inasaidia, na ile iliyobana mwalimu kupita kiasi inasaidia kidogo kuliko ile rahisi. Walipata pia walimu hubadilisha badilisha wakiwa darasani. Yaani hii kitu tunafanya kwa kujificha inajulikana mpaka kwa wataalamu. Hata Marekani, baada ya ile sheria ya No Child Left Behind kusainiwa 2002 na pesa za Reading First, mpango wake wa kufunza watoto kusoma, kuingia shuleni, walimu walilalamika hivi hivi.

Saa hii USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa linafadhili Tusome, ilishafungwa 2025, vitabu vinachanika na mwongozo walimu tunaazimana, kwa hivyo lazima tutakaa chini kama nchi tuamue tunaendelea aje. KICD, wale wa kutengeneza mtaala, wakiandika upya, waweke kila wiki kipindi kimoja kitupu, mwalimu arudie kile darasa lake halijashika, na wakae na walimu wenye wako darasani Kayole, Kibera, Kawangware, sio wa semina za hoteli peke yake. TSC, tume inayoajiri walimu, nao kwa TPAD, ile fomu ya kupima kazi ya mwalimu, waandike wazi kwamba mwalimu akisimamisha somo akaeleza kwa nini, asikatwe alama, na afisa asitoke darasani bila kusikiliza watoto angalau watatu wakisoma.

Mwalimu wa Gredi ya 2,
Kayole, Nairobi